Shahidi wa Jumapili, shujaa wa Jumatatu: tulivyomshukuru mvuvi wa Bukoba

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air, safari namba PW494 kutoka Dar es Salaam, iliangukia Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Ilikuwa ATR 42 iliyobeba watu 43. Waliotoka hai ni 24. Waliokufa ni 19, marubani wote wawili wakiwamo. Kesho yake kwenye Uwanja wa Kaitaba, mbele ya majeneza na umati wa waombolezaji, kijana wa miaka 20 aitwaye Majaliwa Jackson alikabidhiwa shilingi milioni moja na Mkuu wa Mkoa wa Kagera. Hapo hapo Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akatangaza agizo la Rais kwamba kijana yule aingizwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. (Majaliwa wawili uwanja mmoja, majina tu yamegongana.)

Kisa hiki kimesimuliwa sana kama hadithi ya ushujaa. Mimi nakitazama kama kisa cha shukrani: nani alishukuriwa, kwa lipi, kwa namna gani, na shukrani ile ilitufanyia nini sisi tuliokuwa tunafuatilia kwenye simu. Niseme mapema ninakosimama. Tulimheshimu yule kijana kwa nguvu za mikono yake na hatukujali kwamba siku ile alikuwa pia na habari ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Kosa hilo tunalifanya kwa waokoaji wengi, wenye sare na wasio na sare.

Kilichotokea majini

Maelezo yake aliyatoa mwenyewe kwa BBC, akiwa bado kitandani hospitalini. Aliiona ndege ikija kwa upande usio wa kawaida, kisha ikaingia ziwani. Yeye na wavuvi wenzake watatu wakaiwahi. Wakasaidia kuufungua mlango wa nyuma kwa kuupiga kasia, na abiria waliokaa upande huo wakaanza kutolewa. Kwenye ATR 42 abiria huingilia nyuma, karibu na mkia, na siku ile mkia ndio uliobaki juu ya maji. Kwa hiyo waliokaa nyuma walikuwa na pa kutokea. Marubani walikuwa mbele, kulikozama.

Majaliwa akaenda mbele, akapiga mbizi. Kupitia kioo akamwona rubani mmoja, na rubani akamwona yeye. Sauti haikupita, wakaelewana kwa ishara. Rubani akamwonyesha kwamba avunje kioo. Kijana akaibuka na kuwaomba walinzi wa uwanja wa ndege, ambao walikuwa wameshafika, kitu cha kuvunjia. Wakampa shoka. Kabla hajashuka tena, mtu mmoja mwenye kipaza sauti akamzuia, akisema kwamba wao tayari wana mawasiliano na marubani na kwamba maji hayaingii kwenye chumba chao.

Akarudi chini, akampungia rubani mkono wa kwaheri.

Rubani akaonyesha kwamba bado anataka kuokolewa. Safari hii akamwelekeza kwenye mlango wa dharura wa chumba cha marubani. Kijana akapanda juu, akachukua kamba, akaifunga kwenye mlango ule, wakajaribu kuuvuta kwa mitumbwi. Kamba ikakatika, ikampiga usoni, akapoteza fahamu. Alipozinduka alikuwa hospitali.

Nimeyasoma maelezo haya zaidi ya mara moja, na kila mara nakwama pale pale, kwenye mkono wa kwaheri. Huyu si mtu aliyekata tamaa. Alikuwa ameambiwa na mwenye mamlaka kwamba mambo yako sawa, na bado akaona haifai kuondoka kimya kimya, akarudi majini kumuaga mtu. Na kule kuaga ndiko kulikoleta habari mpya, kwa sababu rubani alimjibu. Angekuwa ametii tu na kukaa kwenye mtumbwi, hata ule mlango wa dharura usingejaribiwa.

Mwenye kipaza sauti

Mitandaoni mtu huyu alihukumiwa kabla jua halijazama, na ni rahisi kumhukumu. Lakini tumtendee haki, kwa sababu uchambuzi unaomfanya mtu mmoja shetani una kasoro ile ile ya uchambuzi unaomfanya mwingine malaika.

Kanda ya Ziwa ina kumbukumbu zake. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza ikiwa na mamia ya watu. Wengine walikuwa hai ndani ya tumbo la meli, mahali palipobaki na hewa, wakigonga chuma ili wasikiwe. Meli ilipotobolewa ili watolewe, hewa ikatoka, maji yakachukua nafasi yake, ikazama. Yeyote mwenye umri wa kutosha pande zile analijua lile tundu. Halafu mwaka 2018 kikaja kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka Septemba 20 karibu na kisiwa cha Ukara na kuua watu zaidi ya 220. Siku mbili baadaye fundi wa kivuko alitolewa akiwa hai. Alikuwa amejificha kwenye chumba kilichobaki na hewa.

Weka kumbukumbu hizo mbili kichwani mwa mtu aliyesimama ufukweni Bukoba mwaka 2022. Ya kwanza inamwambia usitoboe, utawaua. Ya pili inamwambia mtu anaweza kudumu ndani, subiri vifaa. Mtu wa namna hiyo akisema "acha kwanza", si lazima awe mjinga au katili.

Kisha kuna suala la kioo chenyewe. Kioo cha mbele cha ndege ya abiria hutengenezwa kwa tabaka kadhaa nene zilizoshikanishwa, ili kihimili hata kishindo cha ndege mnyama anayekigonga kwa kasi angani. Si kioo cha daladala. Na shoka chini ya maji halina uzito lilionao nchi kavu. Maji yanalishika mkono kabla halijafika. Inawezekana kabisa kwamba Majaliwa angepewa ruhusa, angepiga hadi achoke, na kioo kingebaki kizima.

Kwa hiyo mimi sibishani kuhusu shoka. Nabishana kuhusu kitu kingine. Pale ziwani, kwa dakika zile, kijana mmoja alikuwa ametoka kuonana uso kwa uso na rubani. Alikuwa na ujumbe: rubani anataka kioo kivunjwe. Ujumbe huo ulikuwa unapingana na kile mwenye kipaza sauti alichokuwa anakiamini. Kwa maelezo ya kijana, alichojibiwa ni amri, si swali.

Waokoaji wa kazi, popote wanapofundishwa vizuri, hukariri jambo hili mapema: mtu akitoka ndani ya jengo linaloungua au akiibuka majini, kabla hajafunikwa blanketi anaulizwa umeona nini, wako wangapi, wako wapi, wanasema nini. Haijalishi ni ofisa au ni muuza mitumba aliyekuwa anapita. Anayeongoza uokoaji ana haki ya kukataa ushauri wake baada ya kuusikia. Hana haki ya kuacha kuuliza. Na kama angeuliza, pengine wangefikia mlango wa dharura mapema, maana rubani mwenyewe ndiye aliyeuonyesha alipopata nafasi ya pili ya kuulizwa.

Hapa ndipo heshima kwa mwokoaji ilipokosekana, siku ya Jumapili, kabla ya milioni moja na kabla ya makofi. Kumzuia kungeweza kuwa sahihi. Kumchukulia kama mwenye nguvu za kutumwa tu, asiye na akili ya kuulizwa, hakukuwa sahihi hata kidogo.

Kaitaba

Shukrani ilikuja haraka, na haraka ile ina uzuri wake. Nchi yetu imewahi kuwakumbuka watu wake wema wakiwa wameshazeeka au wameshakufa. Huyu alipewa mkononi, ndani ya saa zisizozidi arobaini, akiwa na jeraha bichi. Waliobeza kwamba milioni moja ni kidogo, siko nao. Zawadi ya namna hii haiwezi kuwa bei ya uhai wa mtu, ingekuwa milioni moja au mia moja.

Ninachokiona kwenye sherehe ile ni idadi ya walioitwa mbele.

Siku ya ajali, taarifa ya mkoa ilisema waliookolewa ni 26. Shirika la ndege likasema 24. Tofauti ile ya watu wawili ikaelezwa baadaye: ni watu waliokuwa wamelazwa hospitali lakini hawakuwamo kwenye ndege. Waliumia wakiokoa. Yaani kwa muda fulani waokoaji wawili walihesabiwa kama abiria, na ilibidi orodha ya abiria itazamwe upya ndipo wakaonekana. Majaliwa alikuwa hospitali siku hiyo. Hata tukimhesabu yeye kuwa mmoja wao, bado kuna wa pili. Taja jina lake. Taja majina ya wale wavuvi watatu waliokwenda naye. Taja mmoja tu kati ya watu waliosimama kwenye maji wakivuta kamba ili ile ndege isogee ufukweni. Mimi siwezi, na sidhani kama wewe unaweza.

Wakati wa msiba umma unatafuta uso mmoja. Kamera inataka sura, kiongozi anataka mtu wa kumshika mkono, na sisi tunataka pa kuweka uchungu. Kikundi hakipigiki picha ya kumshika mtu mkono. Hili ni jambo la kibinadamu na sitalilaumu sana. Shida ni kwamba shukrani ya uso mmoja huwa na gharama, na mara nyingi gharama hiyo hulipwa na mwenye uso.

Aliufungua nani?

Haukupita muda mjadala ukahama. Sasa watu walitaka kujua kama kweli ni Majaliwa aliyefungua mlango. Zikasikika simulizi kwamba mlango ulifunguliwa kutoka ndani, kwamba wahudumu wa ndege walifanya kazi yao. Mitandao ile ile iliyompamba ikaanza kumwita tapeli. Wengine walienda mbali zaidi, wakadai nafasi ya kazi aliyopewa ameipata kwa uongo.

Rudi kwenye alichosema kitandani. Alisema walikuwa wanne. Alisema walisaidia. Alisema pia, waziwazi, kwamba alizuiwa, na kwamba jaribio lake la mwisho lilishindikana akazimia. Hiyo si hadithi ya mtu anayejipamba. Anayejipamba haishii kwenye kupigwa na kamba. Aliyemfanya kuwa mfunguaji mlango wa pekee ni sisi. Vichwa vya habari vilikata wale watatu kwa sababu vilikuwa virefu mno, kisha tukamshtaki kijana kwa kichwa cha habari tulichokiandika wenyewe.

Tena swali lenyewe ni bovu. Mlango wa abiria wa ndege umetengenezwa ufunguke kwa ndani na kwa nje. Mhudumu anayesukuma ndani na mvuvi anayegonga nje wanaweza kabisa kuwa wanafanya kazi moja bila kuonana, kila mmoja akiamini, kwa ukweli wote, kwamba yeye ndiye aliyefanikisha. Watu waliotoka kwenye mauti ndani ya dakika chache hawana picha moja. Wana vipande, na kazi ya kuviunganisha ni ya wachunguzi. Umma ulijipa kazi hiyo ili uamue nani anastahili kushukuriwa, kana kwamba shukrani ni kikombe cha ligi ambacho lazima kiende kwa timu moja.

Wahudumu wa ndege walistahili kutajwa tangu mwanzo. Mafunzo yao mengi ni ya siku kama ile. Ule ugawaji wa soda na karanga ndio nyongeza. Kama Jumatatu wangetajwa pamoja na wavuvi, Jumatano pasingekuwa na ugomvi wa kugawana sifa.

Na wenye sare je?

Upande wa pili wa makofi ulikuwa dhihaka. Kadiri wavuvi walivyosifiwa, ndivyo Zimamoto, polisi na mamlaka za uwanja walivyozomewa: walikuwa wapi? Swali ni halali, na familia 19 zina haki ya kulipata jibu lake. Lakini nitofautishe kati ya kuhoji na kuzomea, kwa sababu kwetu kuwazomea Zimamoto ni mchezo wa siku nyingi.

Mzaha wenyewe kila mtu anaujua: gari la zimamoto limekuja bila maji. Mara nyingi lilikuja nayo. Fanya hesabu. Gari lenye tangi la lita 5,000 likifungua mipira miwili, kila mmoja ukitoa lita 500 kwa dakika, limekauka ndani ya dakika 5. Mtu aliyefika dakika ya sita anaona askari wamesimama na mipira mitupu, anarekodi video, anasambaza. Gari limekwenda kutafuta maji, kwa sababu mahali pa kuchukulia maji ya kuzimia moto mtaani ama hapapo, ama pamejengewa kibanda juu yake. Ongeza msongamano wa barabara, ongeza wanaopiga namba 114 kwa utani. Jeshi lenyewe kwa sura ya sasa lina umri mdogo: lilianzishwa kwa Sheria Na. 14 ya 2007, iliyokusanya vikosi vilivyokuwa chini ya halmashauri na kuviweka chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Uokoaji umo kwenye jina lake, lakini jina halinunui boti.

Ziwani gari haliendi. Na hapa kuna kanuni ambayo ingetakiwa kuongelewa sana wiki ile kuliko suala la mlango. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, katika Kiambatisho cha 14 linaweka lengo kwamba zimamoto wa uwanja wafike sehemu yoyote ya njia ya kurukia ndani ya muda usiozidi dakika tatu. Kiambatisho hicho hicho kinataka uwanja ulio karibu na maji au kinamasi, ambao ndege zake hupita juu ya maji hayo zikitua au kuruka, uwe na mpango wa dharura unaohakikisha waokoaji maalumu wa mazingira hayo wanapatikana. Bukoba ni uwanja wa ufukweni. Njia yake ya kurukia inakaribia kugusa ziwa.

Siku ile waokoaji wa majini waliopatikana kwanza ni wavuvi. Kwa hiyo tukimshukuru mvuvi tu, tunakuwa tumeishukuru bahati: bahati kwamba ilikuwa asubuhi, kwamba watu walikuwa ufukweni, kwamba mitumbwi ilikuwa karibu. Makofi ya Kaitaba yalistahili, ila yalikuwa makubwa kiasi cha kuzima swali la mpango. Kiongozi yeyote angependelea jioni ya kupiga picha na shujaa kuliko asubuhi ya kuulizwa boti ya uokoaji inakaa wapi na nani ana ufunguo wake. Nasi tulimpa nafasi hiyo kwa furaha.

Askari wa Zimamoto wenyewe wangefaidika na swali hilo kuliko mtu mwingine. Askari asiye na boti wala gesi ya kuzamia, akisimama ufukweni mbele ya watu wenye hasira, anadhalilika kwa kosa ambalo si lake. Heshima kwake huanza kwenye bajeti. Anayemzomea kwa kukosa vifaa, kisha akanyamaza bajeti ikisomwa, hajamtendea haki askari wala abiria.

Zawadi ya ajira

Agizo la kumwingiza kijana jeshini lilishangiliwa kuliko zile pesa, na kwa maisha yake binafsi naona lilikuwa jambo jema. Mshahara, mafunzo, bima, pensheni. Mvuvi wa umri wake hana hata kimoja kati ya hivyo.

Ila lisome kama ujumbe wa serikali kwa wavuvi wengine. Linasema: ukiokoa vizuri, tutakutoa ziwani. Mtu aliyefaa kwa sababu alikuwa pale, mwenye mtumbwi, anayejua upepo na kina, anapelekwa kambini kufundishwa na baadaye anaweza kupangiwa kituo mkoa usio na hata bwawa. Mwalo, yaani mahali pa ufukweni mitumbwi inapotia nanga na kushusha samaki, unabaki na mtu mmoja pungufu. Hakuna aliyekusudia hivyo, lakini ndivyo zawadi ya mtu mmoja inavyofanya kazi kwenye jambo ambalo ni la wengi.

Na kuna lile lisilosemwa majukwaani. Kijana wa miaka 20 alimtazama mtu kupitia kioo, akaelewa anachoomba, akashindwa kumpa, akamuaga. Askari wa kazi ana wenzake wa kuzungumza nao baada ya tukio kama hilo, na vikosi makini vina utaratibu wa kukaa pamoja na kulieleza kabla watu hawajarudi nyumbani. Mvuvi anarudi kwenye nyavu. Sisi wa mitandaoni tulibishana wiki nzima kuhusu fedha na mlango. Sikuona wengi waliouliza kama analala.

Ingefanyikaje basi? Sina mpango mkubwa, ila vipande vyake vingi tayari vipo. Chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 kuna vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi kwenye mialo, BMU kama zinavyoitwa. Vikundi hivi vinajua nani ana mtumbwi gani, injini ya nguvu kiasi gani, nani yuko majini usiku huu. Orodha hiyo tunaitumia kukamata nyavu haramu. Inaweza kutumika pia kuokoa watu: mwenyekiti wa mwalo ulio karibu na uwanja wa ndege awe na namba ya mnara wa kuongozea ndege, na mnara uwe na yake. Mara moja kwa mwaka uwanja unapofanya zoezi la dharura, wavuvi waalikwe, waonyeshwe milango ya ndege inakaa wapi na inafunguliwaje, ili siku nyingine kasia lisiwe kifaa cha kwanza. Kamba nene, shoka, mkasi wa kukatia chuma na maboya vikae kwenye ofisi ya mwalo, kwa daftari, kama zinavyokaa mizani. Na siku ya tukio anayeongoza awe mmoja, anayejulikana, ambaye wavuvi walishamwona kwenye zoezi, naye anawajua. Mtu anayekufahamu ni vigumu kukupigia kelele kwenye kipaza sauti bila kukuuliza umeona nini.

Halafu kuna petroli. Mitumbwi mingi ya ziwani si mali ya wanaoiendesha. Ina tajiri wake, na mafuta yaliyotumika hukatwa kwenye hesabu ya mwisho wa safari. Wavuvi walioacha kazi yao kwenda kuokoa, wakachoma mafuta, wakakata kamba zao na kuharibu makasia, wanarudi kwa tajiri wakiwa na deni. Halmashauri ikiwa na fungu dogo la kurudisha mafuta na vifaa ndani ya siku chache, kwa kila mtumbwi ulioandikwa kuwa ulikuwapo, itawafikia hata wale watatu ambao hakuna aliyewahi kuwaita mbele ya umati, bila kuhitaji kwanza kubishana ni nani kati yao aliyeufungua mlango.